Cleopatra yupi unamsema? Jibu kwa mama aliyempa binti yake jina hilo

Dada mmoja kaniandikia hivi: binti yake anaitwa Cleopatra, darasani wenzake wakamwambia somo yake ni yule malkia aliyejiua kwa nyoka, mtoto akarudi nyumbani kanuna hataki tena jina lake. Mama akaingia intaneti kutafuta cha kumwambia, akazidi kuchanganyikiwa, maana kakuta Cleopatra aliyenyweshwa sumu na mwanae, Cleopatra aliyeuawa hekaluni kwa amri ya dada yake, Cleopatra dada wa Alexander Mkuu, Cleopatra aliyekuwa malkia huko ambako leo ni Algeria, halafu yule wa nyoka mwenyewe anaandikwa "wa Saba". Anauliza: "Hawa ni mtu mmoja anayesimuliwa kila mtu kivyake au ni watu mbalimbali? Na kama yule ni wa saba, hao sita wako wapi?"

Dada yangu, ni watu mbalimbali kabisa, na wamezidi saba. Hiyo namba ndo inayowachanganya wengi, kwa hiyo naanza nayo. Hakuna Cleopatra hata mmoja aliyewahi kuitwa wa kwanza au wa tatu au wa saba akiwa hai. Zile namba wameweka wanahistoria wa zama zetu ili wao wasipotee kwenye makaratasi, na wamehesabu waliokuwa malkia wa Misri tu, yaani wale wa Makedonia, wa Siria na wa Algeria hawamo kabisa kwenye hesabu. Tena hata hiyo hesabu yenyewe ina kasoro, nitafika huko.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, sio la Kimisri. Limeungwa na maneno mawili, moja la sifa au utukufu na lingine la baba, kwa hiyo ukilitafsiri unapata "utukufu wa baba" au "anayempa baba sifa". Lilikuwepo kwenye hadithi za kale za Wagiriki kabla ya malkia yeyote, na Makedonia walilipenda sana. Kwa hiyo kwanza mwambie mtoto maana ya jina lake, hilo peke yake linatosha kumrudishia tabasamu.

Sasa twende Makedonia. Baba yake Alexander, mfalme Philip wa Pili, alikuwa na binti anaitwa Cleopatra, aliyemzaa na Olympias, yaani dada wa Alexander baba mmoja mama mmoja. Mwaka 337 KK Philip akaoa mke mwingine, msichana wa ukoo mkubwa, naye jina lake Cleopatra. Kwa hiyo nyumba moja, binti Cleopatra na mama wa kambo Cleopatra, na pengine walikaribiana umri. Mwaka uliofuata, 336 KK, Philip akamwoza binti yake kwa mfalme wa Epirus, ufalme jirani, ambaye ni mjomba wake bibi harusi, kaka wa Olympias. Sherehe ikafanyika Aegae, mji wa kifalme wa Makedonia, na katikati ya sherehe hizo Philip akachomwa kisu na mlinzi wake mwenyewe, akafa palepale mbele ya wageni. Yule mke mpya, Cleopatra wa pili wa nyumba ile, hakudumu, Olympias akahakikisha anakufa yeye na kichanga chake. Mtu akisoma haraka anaona "Cleopatra aliolewa, Philip akauawa, Cleopatra akafa" akadhani ni mmoja. Ni wawili.

Yule dada wa Alexander aliishi miaka mingi baada ya hapo na maisha yake ni ya kusikitisha kwa namna yake. Mumewe alikufa vitani Italia, kaka yake akafa Babeli mwaka 323 KK, na kuanzia hapo kila jenerali aliyetaka kurithi ufalme wa Alexander alitaka kumuoa yeye, sababu kumuoa dada wa Alexander ni kama kupata cheti. Akawekwa Sardis, mji ulioko Uturuki ya leo, kama mgeni asiyeruhusiwa kuondoka. Mwaka 308 KK akajaribu kutoka aende kwa Ptolemy wa Misri, na jenerali aliyekuwa anaushikilia mji, Antigonus, akatoa amri auawe, kisha akawaua wanawake waliotumika kumuua na akamfanyia mazishi makubwa ili ionekane yeye hausiki. Huyu hayumo kwenye namba, lakini kama angefika Misri salama labda namba zingeanzia kwake.

Ptolemy huyo alikuwa jenerali wa Alexander, Mmakedonia, ndo aliyeichukua Misri na kuanzisha ukoo uliotawala karibu miaka 300. Wafalme wote wa ukoo ule waliitwa Ptolemy, wote, na malkia wakazungushiana majina matatu tu, Arsinoe, Berenice na Cleopatra. Lile la tatu lilichelewa kuingia. Mwaka 193 KK Ptolemy wa Tano alioa binti wa mfalme wa Siria, Antiochus wa Tatu, ikiwa ni njia ya kufunga vita kati ya falme hizo mbili. Binti huyo ndo tunamwita Cleopatra wa Kwanza, watu wa Alexandria, mji mkuu wa Misri wakati ule, wao walimwita Msiria, yaani aliletwa kama bibi harusi wa amani na akabaki na jina la mgeni. Mume alipofariki 180 KK mtoto wao wa kiume alikuwa bado mdogo, mama akashika nchi kwa niaba yake, na kwenye nyaraka za wakati ule jina la mama linatangulia la mfalme. Mimi naona huyu hapewi haki yake. Kipindi chake kilikuwa cha utulivu, na baada ya yeye kufa, karibu mwaka 176 KK, washauri wa mwanae waliingiza nchi kwenye vita na Siria ikawa balaa.

Baada ya huyo jina likashika, na hapa ndo kichwa kinauma kwelikweli, naomba usome taratibu.

Cleopatra wa Kwanza alizaa wana wawili wa kiume, wote Ptolemy, na binti mmoja, Cleopatra, ndo wa Pili. Ukoo ule ulikuwa na desturi ya kaka kumuoa dada, kwa hiyo Cleopatra wa Pili akaolewa na kaka yake mkubwa, Ptolemy wa Sita, wakazaa watoto, wakiwemo mabinti wawili na wote wawili wakaitwa Cleopatra. Ndiyo, dada wawili wa tumbo moja jina moja. Mmoja akapelekwa Siria kuolewa, huyo tunamwita Cleopatra Thea. Mwingine akabaki Misri, huyo ni wa Tatu.

Ptolemy wa Sita alifariki mwaka 145 KK kutokana na majeraha ya vitani Siria. Mjane wake akaolewa na yule kaka mdogo, Ptolemy wa Nane, ambaye watu wa Alexandria walimpachika jina la Physcon, yaani Kitambi. Miaka michache baadaye Kitambi akamuoa pia Cleopatra wa Tatu, binti wa mke wake, ambaye kwake ni mtoto wa kaka na mtoto wa dada kwa wakati mmoja, na wala hakumwacha mama. Kwa hiyo Misri ikawa na mfalme mmoja na malkia wawili, mama na binti, wake wenza, wote Cleopatra.

Swali la kujiuliza ni karani wa wakati ule alikuwa anaandikaje barua ya serikali bila kuleta vurugu. Jibu lipo kwenye mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri, yaliyosalia: waliandika "Cleopatra dada" na "Cleopatra mke". Mama ndo "dada", sababu ni dada wa mfalme, na binti ndo "mke". Mimi hilo huwa linanigusa kila nikilisoma, maana mama alikuwa mke pia, mke wa kwanza, lakini karatasi za serikali zikampa neno "mke" mwanae. Na ndo hapo unaona kwamba watu wa wakati ule hawakuhitaji namba, walitofautisha kwa undugu na kwa majina ya heshima, na sisi tukitaka kuwaelewa inabidi tufanye hivohivo, uliza huyu ni binti wa nani, mke wa nani, alikaa wapi.

Haikuisha vizuri. Mwaka 132 KK vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, watu wa Alexandria wakasimama na mama, Kitambi akakimbilia Cyprus na mke mdogo. Huko akamuua mtoto wa kiume aliyemzaa na Cleopatra wa Pili, kijana mdogo, na waandishi wa kale wanasimulia kwamba alimkatakata akamtumia mama yake vipande siku ya kuzaliwa kwake. Halafu mwaka 124 KK wakapatana, wote watatu wakarudi kutawala pamoja. Nimesoma habari hii miaka mingi na bado sijui yule mama alikaaje meza moja na watu wale. Kitambi alikufa 116 KK, Cleopatra wa Pili naye akafuata muda si mrefu, na wa Tatu akashika usukani akiwazungusha wanawe wawili wa kiume kwenye kiti, leo huyu kesho yule, mpaka alipofariki 101 KK, na inasemwa ni mkono wa mwanae.

Turudi kwa Thea, maana huyo ndo uliyemkuta amenyweshwa sumu. Huyu aliolewa na wafalme watatu wa Siria mmoja baada ya mwingine, harusi ya kwanza ikiwa mwaka 150 KK. Wa kwanza alipoanguka akapewa wa pili, Demetrius, na wakati Demetrius kachukuliwa mateka na Waparthi, watu wa upande wa Iran ya leo, akaolewa na mdogo wake Demetrius, Antiochus wa Saba. Huyo wa mwisho alipouawa vitani Demetrius akawa ameshaachiwa karudi, ila mke hakumtaka tena. Demetrius alipokimbilia kwake alifungiwa milango, akaenda kufia Tyre, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, na waandishi wa kale wanamtaja Thea kwenye kifo hicho. Mwanae mkubwa, Seleucus, akajitangaza mfalme bila kumuuliza mama, akafa kwa mshale, na wanasema mama ndo aliyeupiga au kuuagiza. Kwa muda akatawala peke yake na akachapa sarafu kwa jina lake mwenyewe na uso wake mwenyewe, kitu ambacho hakuna malkia wa Siria aliyewahi kufanya kabla yake. Kisha akamweka mwanae mwingine, Antiochus wa Nane, na kwenye sarafu za wawili hao uso wa mama uko mbele, wa mtoto umejificha nyuma yake. Mwaka 121 KK kijana akarudi kutoka mawindoni, mama akampa kikombe, kijana alishashtuka akamwambia anza wewe mama, mama akakataa, akalazimishwa akanywa. Ndo mwisho wake. Sikufichi, kwa akili ya utawala huyu alikuwa mkali kuliko wengi wao, lakini sio wa kumsimulia mtoto kabla ya kulala.

Yule wa hekaluni ni Cleopatra wa Nne, binti wa Cleopatra wa Tatu. Aliolewa na kaka yake, mama akawaachanisha kwa nguvu, yeye badala ya kukaa analia akakusanya askari akaenda Siria akaolewa na mwana wa Thea, Antiochus wa Tisa, ambaye ni binamu yake na wakati huo anapigana na kaka yake wa mama mmoja, Antiochus wa Nane, yule wa kikombe. Na mke wa huyo wa Nane alikuwa Tryphaena, dada yake tumbo moja na Cleopatra wa Nne. Kwa hiyo ndugu wawili wa kiume wanapigana, na kila mmoja ana mke ambaye ni dada wa mke wa adui yake. Mwaka 112 KK mji mkuu wa Siria, Antioch, ukatekwa, Cleopatra akakimbilia hekaluni akashikilia sanamu, mume wa dada yake mwenyewe alisita kumgusa, dada ndo akaamuru. Wanasimulia kwamba askari walimkata mikono maana alikataa kuachia. Mwaka haukupita sana, mume wa marehemu akamkamata Tryphaena naye akamuua kulipiza. Kulikuwa na dada wa tatu pia, Cleopatra Selene, aliyeolewa na wafalme wasiopungua wanne, Misri mpaka Siria, na akaja kuuawa uzeeni kwa amri ya mfalme Tigranes wa Armenia mwaka 69 KK. Mtu huyu mshike jina, tutakutana na wajina wake mbele.

Kuhusu wa Tano na wa Sita nitapita haraka, maana ndo pale hesabu inapoyumba. Ptolemy wa Kumi na Mbili, baba wa yule wa nyoka, alikuwa na mke anaitwa Cleopatra Tryphaena, na jina la huyo mke linapotea kwenye nyaraka karibu 69 KK. Miaka kumi baadaye, mfalme akiwa amefukuzwa yuko Roma, linaibuka tena jina la Cleopatra Tryphaena akitawala na binti wa mfalme, Berenice wa Nne. Wanahistoria wengine wanasema ni mama yuleyule karudi, wengine wanasema ni binti mwenye jina la mama. Ukisema ni mmoja, wa Sita anakufa kwenye orodha. Ndo maana unaweza kukuta kitabu kimeandika "wa Tano" na kingine "wa Sita" wakimzungumzia mtu yuleyule, sio kosa la uchapaji.

Sasa wa Saba. Alizaliwa mwaka 69 KK au mwishoni mwa mwaka wa kabla yake, akatawala kuanzia 51 KK mpaka 30 KK. Jina lake la heshima lilikuwa Thea Philopator, mungu mke anayempenda baba, ambalo ukiliweka na maana ya Cleopatra unaona baba katajwa mara mbili. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasema alizungumza na mabalozi wengi bila mkalimani na kwamba wafalme waliomtangulia hawakujishughulisha hata kujifunza Kimisri, wakati yeye alikijua. Miaka zaidi ya 250 ukoo unatawala watu ambao hauongei lugha yao, anakuja binti mmoja anajifunza. Mimi ukiniuliza, hiyo inamweleza vizuri kuliko nyoka. Na kuhusu nyoka, Plutarch mwenyewe anasimulia halafu anasema ukweli wa alivyokufa hakuna anayeujua, kwa hiyo wenzake darasani wamejiamini kuliko mwandishi wa kale.

Kuna kitu kingine hawakisemi sana. Alipopewa na Mark Antony, jenerali wa Kirumi, maeneo ya Siria, alianza kutumia kwenye sarafu jina la Thea Neotera, yaani Thea mdogo au Thea mpya, na wanahistoria wengi wanaona hapo anamkumbusha kila mtu Cleopatra Thea, yule aliyetawala Siria kabla yake. Yaani hata yeye alijua ana somo yake, na alimtumia makusudi. Hakuwa anaona jina lake ni la kwake peke yake.

Na sasa yule wa Algeria, ambaye nimemweka mwisho sababu ndiye ninayetaka umpeleke kwa mtoto. Mwaka 40 KK Cleopatra wa Saba alizaa mapacha na Antony, wa kiume na wa kike. Wa kiume akaja kuitwa Alexander Helios, yaani jua, wa kike Cleopatra Selene, yaani mwezi. Umeona jina limerudi, lile la shangazi wa zamani aliyeuawa na Tigranes. Binti ana miaka kumi, mama na baba wamekufa ndani ya mwezi mmoja, Misri imechukuliwa na Roma, na mwaka 29 KK akatembezwa na kaka yake kwenye barabara za Roma katika gwaride la ushindi, huku mbele ya watu kumebebwa sanamu ya mama yake na nyoka. Ebu fikiria huyo mtoto. Wenzake binti yako wamemwambia neno tu, huyu alionyeshwa.

Akalelewa na Octavia, mke wa Kirumi wa Antony, yaani yule ambaye baba yake alimwacha kwa ajili ya mama yake. Octavia alikuwa na kila sababu ya kumchukia na akamlea. Baadaye akaolewa na Juba wa Pili, kijana wa kifalme wa Numidia, ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini, ambaye naye akiwa mtoto mdogo sana alitembezwa Roma kwenye gwaride kama hilohilo, mwaka 46 KK. Roma ikawapa ufalme wa Mauretania, makao yao yakiwa Caesarea, mji ambao leo unaitwa Cherchell, ufukweni mwa Algeria. Wakaujenga ukawa mji wa sanaa na vitabu, Juba mwenyewe alikuwa mwandishi.

Na angalia sarafu zao. Upande wa Juba umeandikwa Kilatini, Rex Iuba, mfalme Juba, lugha ya wakubwa wa wakati huo. Za Selene zimeandikwa Kigiriki, malkia Cleopatra, na kwenye baadhi yake kuna mamba. Mamba wa Nile, alama ya Misri, anachapwa Algeria na binti ambaye nchi yake imefutwa kwenye ramani, tena chini ya macho ya Roma ileile. Mwanae akamwita Ptolemy. Alipofariki, mshairi mmoja wa Kigiriki aliandika kwamba mwezi nao uliingia giza kumlilia, wajina wake.

Kwa hiyo dada yangu, kama mtoto anataka kuona somo yake kwa macho, usiandike Cleopatra peke yake kwenye intaneti, utaletewa nyoka na filamu tu. Andika Cleopatra Selene na neno sarafu, na Mauretania, mtafutie ile yenye mamba. Halafu tafuta na kaburi kubwa la mawe la mviringo karibu na Tipaza, ambalo kwa kawaida linahesabiwa kuwa lao, yeye na Juba, bado limesimama hadi leo, mnaweza kuliangalia pamoja.